Saa Tisa na Nusu Katika Shule za Kutwa za Voi

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari pevu Januari 2026, swali lililozunguka nyumba za Voi lilikuwa moja: ameitwa wapi? Jibu lililotamaniwa lilikuwa mojawapo ya majina ya shule yanayojulikana kaunti nzima ya Taita Taveta. Dr Aggrey kule Wundanyi, iliyopewa jina la msomi wa Gold Coast aliyefika Kenya mwaka 1924 na tume ya Phelps-Stokes. Kenyatta ya Mwatate. Bura Girls, Murray Girls, Moi High Kasigau. Mtoto akiitwa huko, wazazi hununua sanduku la bati, godoro na ndoo, na majirani huja kumuaga.

Watoto wengi wa mitaa ya Sofia, Birikani, Mwakingali na Kaloleni hawanunuliwi sanduku. Huvaa sare asubuhi, hutembea au hubebwa na boda, husoma katika shule ya kutwa iliyo kiungani mwa mji, na jioni hurudi nyumbani kuteka maji na kumsaidia mama kibandani. Shule hizo ndizo ninazoandika habari zake leo, hasa upande wake usiotajwa mtihani unapotangazwa: vyama vya wanafunzi, timu, kwaya, drama, skauti, mashindano ya sayansi. Ninaamini upande huo ndio unaomfaa kijana wa Voi kwa muda mrefu kuliko wote. Inauma kwamba ndio wa kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Tazama hesabu ya taifa kwanza. Katika KCSE ya 2024, mtihani wa mwisho wa sekondari, kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, waliopata C+ na zaidi, alama inayofungua mlango wa chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Ni takriban mmoja kwa kila wanne. Watatu waliobaki nao walikaa darasani miaka minne, wakalipiwa chakula cha mchana na sare, wakaamka alfajiri. Wengine watakwenda Coast Institute of Technology papa hapa Voi kujifunza umeme au upishi, wengine watafungua duka, wataendesha matatu, watalima Sagalla au watachimba vito Kasigau. Shule iliyowapa maswali ya mtihani pekee imewapa wengi wao kitu ambacho hawataulizwa tena maishani. Shule iliyowafundisha kuongoza mkutano, kuandika barua ya kuomba msaada, kutunza hesabu za chama, kusimama mbele ya watu mia tatu na kuongea bila kutetemeka, imewapa kazi ya kuanzia.

Mtaala mpya wa umilisi umelikubali jambo hilo kwa maandishi. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana masomo manne ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Kisha huchagua matatu kulingana na mkondo wake. Hilo la nne ni geni kwa wazazi wengi, na baadhi yao hudhani ni kupeleka watoto kufagia soko. Maana yake ni kwamba mwanafunzi atafute tatizo la kweli katika mtaa wake, alichunguze, afanye jambo, kisha aeleze alichokipata. Kazi hiyo walimu wa vyama wamekuwa wakiifanya miaka yote bila kuandikwa kwenye ratiba na bila nyongeza ya mshahara.

Mikondo yenyewe ni mitatu: ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; wa Sayansi za Jamii; na wa Sanaa na Michezo. Hapa mzazi wa shule ya kutwa asikilize vizuri. Si kila shule ina yote mitatu. Zipo zilizopewa miwili tu, Sayansi na Sayansi za Jamii, na nyingi kati ya hizo ni shule ndogo za kutwa zisizo na vifaa. Mtoto mwenye kipaji cha kuimba, kuigiza au kupiga mpira aliyepangiwa shule ya namna hiyo, kwa sababu nyumbani hakuna karo ya bweni, hatakuta kipaji chake kwenye ratiba ya masomo. Atakikuta katika chama cha drama au katika timu, ikiwa vipo. Shule ikivifuta vyama hivyo kwa kisingizio cha kubana matumizi, imemfungia huyo mtoto mlango wa mwisho uliobaki.

Kuna pengo jingine ambalo limesemwa kidogo sana. Darasa la mwisho la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, liliufanya mwaka 2023 na kuingia Kidato cha Kwanza 2024. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea mwanafunzi mpya hata mmoja, kwa kuwa Gredi ya 9 ilibaki katika shule za msingi. Mwaka huu wa 2026 shule zina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na cha Nne, basi. Katika darasa, pengo hilo ni chumba kitupu. Katika chama cha wanafunzi ni kukatika kwa urithi. Kwaya hulelewa na waliotangulia. Kipa wa timu hufundishwa na kipa anayeondoka. Mweka hazina wa chama cha wanyamapori huanza kama mwanachama asiyesema neno. Mwaka mzima bila chipukizi uliacha vyama vingi mikononi mwa watahiniwa, ambao kila mtu alikuwa akiwahimiza waviache wakasome. Mwalimu aliyevifufua mwaka huu anastahili pongezi, kwa maana ameanza karibu upya.

Voi ina utajiri wa kufundishia ambao shule za Nairobi hulipia mabasi kuja kuuona. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi, zilizoanzishwa pamoja kama hifadhi moja mwaka 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo, kati ya ndovu takriban 36,000 wa Kenya nzima. Kaunti yenyewe ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya 2019. Majirani hawa wawili wanagombea maji, njia na chakula kilekile. Mwanafunzi wa hapa hahitaji kitabu kumweleza mgogoro wa binadamu na wanyamapori. Anaujua kwa shamba la mahindi la nyanya yake lililokanyagwa usiku mmoja.

Ndiyo maana chama cha wanyamapori kina uzito hapa kuliko penginepo. Wildlife Clubs of Kenya ni vuguvugu lililoanzishwa na wanafunzi wa Kenya wenyewe mwaka 1968, na mahali pengine huishia kwenye kupanda miti na kutembelea mbuga mara moja kwa mwaka. Hapa Voi linaweza kuwa shughuli ya kila wiki. Chini ya mlima wa Sagalla, kilomita chache kutoka mjini, shirika la Save the Elephants na mtafiti Lucy King wamefanya kazi na wakulima kwa zaidi ya miaka kumi kujenga ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, mmoja kila mita 10, na yote huunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, hukimbia. Ili kupunguza gharama, mzinga halisi hufuatwa na wa bandia uliotengenezwa kwa mbao nyembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu mashamba ya Sagalla ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao ua huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogea. Mkulima hubaki na mahindi yake, tena na asali ya kuuza.

Sasa mpe mwanafunzi wa Gredi ya 10 swali la ua huo. Shamba la mraba la ekari moja lina mzingo wa mita 254 hivi. Likizungushiwa nguzo kila mita 10, linahitaji vituo 25, yaani mizinga 12 au 13 halisi na iliyobaki ya bandia. Mzinga mmoja unauzwa kiasi gani kwa fundi wa Voi? Asali itarudisha fedha hizo baada ya mavuno mangapi? Kiangazi kikali nyuki huhama, na ua usio na nyuki ni waya tu. Mkulima afanye nini mwaka huo? Hapo kuna hisabati, baiolojia, biashara na huduma kwa jamii katika swali moja, na jibu lake lina faida kwa mtu anayemfahamu kwa jina. Sijaona zoezi la kitabu linaloshindana na hilo. Kinachohitajika ni mwalimu mwenye ari, daftari, na njia ya kumfikisha mtoto Sagalla na kumrudisha kabla ya giza.

Kumrudisha kabla ya giza ndilo tatizo lenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimepanga siku ya shule waziwazi: masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli za nje ya darasa kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo. Ni saa moja na robo kila siku, imetengwa na sheria kwa ajili ya vyama na michezo. Katika shule nyingi za Kenya muda huo umemezwa na masomo ya ziada, hasa kwa watahiniwa. Katika shule za bweni hasara hiyo hufidiwa Jumamosi, kwa kuwa watoto wapo. Katika shule ya kutwa hakuna Jumamosi. Na Voi, jua likikaribia kuzama, barabara za vumbi za pembeni mwa mji si mahali pa mtoto kutembea peke yake. Ndovu hushuka jioni kutafuta maji, na msimu wa kiangazi huja karibu kabisa na makazi. Mwalimu mkuu anayewaruhusu watoto waondoke saa tisa na nusu hana uvivu. Anahesabu kilomita na saa za mwanga.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Familia husubiri fedha hizo kwa miaka. Sehemu ndogo ya kiasi hicho ingelipa basi la shule moja ya viungani kwa muda mrefu: basi linaloondoka saa kumi na moja kasorobo, likapita Ndara au njia ya Sagalla, likamshusha kila mtoto karibu na mlango wa kwao. Basi hilo likiwepo, chama cha wanyamapori kinapata alasiri zake, timu ya voliboli ya wasichana inapata mazoezi, na mzazi anapata usingizi. Mabasi mengi ya shule za umma yamenunuliwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko ulioanza mwaka 2003, na mengi yameegeshwa katika shule za bweni, ambako wanafunzi hawaendi popote jioni. Hilo ni kosa la mpango, na linarekebishika.

Michezo na drama zina kalenda yake, na kila mwalimu wa zamu anaijua. Muhula wa kwanza ni riadha, mpira wa vikapu, mpira wa mikono, mashindano ya sayansi na uhandisi, na tamasha za drama. Muhula wa pili ni soka, voliboli, netiboli na muziki. Muhula wa tatu ni mtihani tu. Anayefaulu hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha Pwani pamoja na Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, hatimaye taifa. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927. Mtoto wa Voi anayepanda jukwaani kupiga ngoma ya Mwazindika ya Wadawida, huku mwenzake Mkamba akiimba naye na Mluo, ambaye babu yake aliletwa hapa na reli, akipiga kayamba, anajifunza kuhusu kaunti yake jambo ambalo hotuba za wanasiasa hazijaweza kumfundisha. Mji huu ulikua pamoja na reli iliyofika mwaka 1898. Umekuwa wa makabila mengi tangu hapo, na shule ya kutwa ndipo makabila hayo hukaa dawati moja.

Jambo la basari halina budi kutajwa, kwa kuwa ndilo linaloamua nani anabaki shuleni. Ukanda wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani, mwaka 2011, kupewa hati za kaboni zilizothibitishwa kwa kiwango cha VCS kutokana na kuhifadhi msitu usikatwe. Mradi huo wa Wildlife Works hugawa sehemu ya mapato kupitia kamati za wenyeji, na sehemu kubwa ya chaguo la kamati hizo imekuwa karo za wanafunzi, maji na madarasa. Wazazi wa Marungu na Kasigau hawana haja ya kuelezwa uhusiano wa mti na elimu. Wanauona kwenye risiti. Ningependa wanafunzi waufuatilie zaidi. Chama cha mijadala kinaweza kumwalika mjumbe wa kamati aeleze fedha zilipatikanaje, zikagawanywaje, nani aliamua. Kijana wa miaka 16 anayejua kusoma taarifa ya fedha za kijiji chake ni vigumu kudanganywa akifika 30.

Vivyo hivyo na vito. Jiwe la kijani linaloitwa tsavorite lilipewa jina la Tsavo mwaka 1974, na linauzwa ng'ambo kwa bei ambayo mchimbaji wa Kasigau haijui. Kuna Kituo cha Vito mjini Voi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini. Kati ya kituo, chuo na shule za viungani pana safari ya nusu saa au saa moja. Chama cha sayansi kinachotembelea sehemu hizo mara mbili kwa mwaka kingewafanya watoto waanze kuuliza kwa nini jiwe la kwao linakatwa na kung'arishwa mbali na kwao.

Nigusie pia kile ambacho wazazi hukisema kwa sauti ya chini. Mtoto anayetoka shule saa tisa na nusu, akafika nyumbani mzazi yuko kazini hadi saa moja jioni, ana saa tatu na nusu zisizo na mwenyewe. Voi ni mji wa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori hulala hapa, vibanda vya muguka, majani ya kutafuna, viko wazi. Mei 2024 Gavana Andrew Mwadime alipiga marufuku muguka katika kaunti, kama walivyofanya wenzake wa Mombasa na Kilifi, na mabishano yake yakafika hadi Ikulu. Nayaheshimu makusudio ya marufuku hiyo. Lakini kijana asiye na mahali pa kuwa alasiri atapata cha kutafuna, kiwe halali au haramu. Mazoezi ya skauti, ambao wako Kenya tangu 1910, au safari za Tuzo ya Rais, iliyoanza hapa nchini mwaka 1966 na kumtaka kijana atoe huduma, ajifunze ujuzi, afanye mazoezi na aende safari ya porini, humchosha kijana kwa namna njema na kumrudisha nyumbani akiwa na hadithi ya kusimulia.

Fedha ziko wapi? Tangu elimu ya kutwa ya upili itangazwe kuwa bila karo mwaka 2008, shule hutegemea mgao wa serikali, ambao kwa sasa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kiasi kinachotolewa kwa hakika ni karibu shilingi 16,900. Tofauti hiyo ya shilingi 5,000 na zaidi kwa kila mtoto, katika shule ya wanafunzi 300, ni zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Shule haiwezi kupunguza chaki wala stima. Inapunguza nauli ya timu, mavazi ya drama, na vifaa vya maonyesho ya sayansi. Mzazi huarifiwa kwamba mwaka huu shule "haikushiriki".

Serikali ilipe mgao wote, na kwa wakati. Hilo ni deni la watoto na halina mbadala. Wakati tunalidai, kuna mambo ambayo Voi inaweza kuyafanya yenyewe. Hoteli na kambi za watalii zinazoizunguka Tsavo zina magari yanayorudi mjini matupu alasiri. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina askari wanaojua ndovu wamelala wapi leo, na ujumbe mfupi wa simu kwa mwalimu mkuu saa nane mchana ungetosha kumwambia kama ni salama kuwabakiza watoto. Wahitimu wa shule hizi waliopata kazi kwenye kituo cha treni ya SGR, benki na hospitali ya Moi wanaweza kuja saa moja kwa wiki kufundisha wanachokijua. Chuo kikuu kina wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mahali pa kujitolea.

Kwa mzazi anayesoma makala haya mwishoni mwa wiki nina ombi moja. Mkutano wa wazazi ukiitishwa muhula huu, usiulize wastani wa alama peke yake. Uliza mtoto wako hufanya nini kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja kasorobo, ni chama gani amejiandikisha, mwalimu wake ni nani, na ni nini kinachokosekana. Muda huo umo katika kanuni za nchi tangu 2015, na bodi ya shule inalazimika kukujibu.